Ahadi ni Deni: Historia ya Kalenda za Linux na Swali la Lini Tuhame

Mwezi Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, nilipokea maswali mengi kutoka kwa wanafunzi wangu, na kutoka kwa watumishi wa umma ambao zamani walikuwa wanafunzi wangu. Wengi wao wana kompyuta nzima zisizokidhi masharti ya Windows 11, na wameamua kuziwekea Linux badala ya kuzitupa. Swali lao la kwanza lilikuwa waweke Linux ya nani. La pili aliliuliza afisa mmoja wa halmashauri, nami naliona kuwa ndilo zito zaidi: "Mwalimu, nikishaiweka, niwe naipandisha toleo kila baada ya muda gani?"

Nilimjibu papo hapo kwamba kila baada ya miaka miwili. Aliridhika, tukaagana. Mimi sikuridhika, kwa kuwa nilikuwa nimempa dozi bila kumpima mgonjwa. Sikumuuliza kompyuta ile inafanya kazi gani, nani ataitunza, wala nani ameahidi kuendelea kulihudumia toleo atakaloliweka.

Mimi ni mwalimu wa historia, si fundi wa kompyuta. Hata hivyo nimeitumia Linux kwa takriban miaka ishirini, na katika muda huo nimekosea kwa pande zote mbili: kwa haraka na kwa kuchelewa. Kosa la haraka liliniumiza mwenyewe, nalo halikuwa kubwa. Kosa la kuchelewa liliwaumiza vijana ambao hawakuwa na habari kwamba mfumo huo upo. Nitalieleza hapa chini. Kwanza naomba msomaji anifuate katika historia, kwa sababu naamini kuwa swali la "kila baada ya muda gani" halina jibu la kifundi peke yake. Ni swali la ahadi: nani ameahidi kazi gani, kwa muda gani, na sisi tunaotegemea kazi hiyo tumeahidi nini.

Kuziba ufa na kuhama nyumba

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo katika maongezi ya kila siku huitwa yote "kuapdeti".

Jambo la kwanza ni kupokea viraka. Hitilafu ya usalama inagunduliwa, wataalamu wanaitengenezea dawa, nasi tunaipokea. Programu hubaki ileile, menyu hubaki pale pale, na mtumishi anayeingia ofisini asubuhi haoni tofauti yoyote. Huku ndiko kuziba ufa, na wahenga walikwisha kutuonya kuhusu asiyeziba.

Jambo la pili ni kuhama kutoka toleo moja hadi jingine. Hapo programu zenyewe hubadilika. Baadhi huondolewa, nyingine huandikwa upya, na mfumo wa ofisi ulioundwa juu ya toleo la zamani huweza kugoma kabisa. Huku ni kuhama nyumba, na hakuna anayehama nyumba kila wiki.

Kati ya mambo haya mawili ipo kazi ambayo watu wengi hawaijui. Dawa ya hitilafu mara nyingi hutengenezwa kwa ajili ya programu mpya. Wale wanaotoa matoleo ya muda mrefu huichukua dawa hiyo na kuishona ndani ya programu ya zamani, ili mtumiaji apate usalama bila kuvurugiwa mazoea yake. Ni kazi ngumu, hufanywa na watu, na watu hao huchoka. Tunaposema kuwa toleo fulani "limefikia mwisho," hatumaanishi kwamba limeharibika. Kompyuta itaendelea kuwaka kama jana. Kilichokoma ni mkono wa mshonaji. Ndiyo maana kuchelewa ni kishawishi kikubwa: siku ya mwisho ya huduma haina sauti.

Debian: toleo hutoka likiwa tayari

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha Linux tarehe 25 Agosti 1991. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida. Kinahitaji kukusanywa pamoja na maelfu ya programu nyingine, zipangwe, zijaribiwe, zitolewe kama mfumo mmoja. Kazi hiyo ilichukuliwa na makundi ninayoyaita hapa wasambazaji, na kila msambazaji alilazimika kujibu swali letu kwa niaba ya watumiaji wake.

Ian Murdock alianzisha Debian tarehe 16 Agosti 1993. Debian haikuwa kampuni. Ilikuwa, na bado ni, jumuiya ya watu wanaojitolea, wenye katiba yao na kiongozi wanayemchagua kila mwaka. Jibu lao la awali lilikuwa la fundi seremala mwadilifu: meza itatoka ikiwa tayari. Hapakuwa na tarehe, palikuwa na kipimo cha ubora.

Msimamo huo una heshima yake, lakini ulifika mahali ukawatesa watumiaji. Toleo lililoitwa Woody lilitoka tarehe 19 Julai 2002. Lililofuata, Sarge, halikutoka mpaka tarehe 6 Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye. Katika muda huo kiini cha Linux kilikuwa kimeingia katika kizazi kipya, kile cha 2.6, tangu Desemba 2003, ilhali Woody ilikuwa bado ikiwekwa kwa kiini cha 2.2 usipochagua vinginevyo. Mtu aliyenunua kompyuta mpya aliweza kukuta kwamba toleo thabiti haliitambui diski yake. Wengi walikimbilia matawi ya majaribio, yaani waliacha usalama wa uthabiti kwa sababu uthabiti ulikuwa umewachelewesha mno.

Ucheleweshaji huo haukutokana na uvivu. Sarge ilikuwa na vifurushi vya programu zaidi ya 15,000, na ilipaswa kufanya kazi katika aina 11 za mashine. Somo lake ni kwamba ubora usio na tarehe humnyima mtumiaji uwezo wa kupanga. Mwenye bajeti ya mwaka hawezi kuandika "ikiwa tayari" katika jedwali lake.

Debian ilijifunza. Tangu 2005 matoleo yake yametoka kila baada ya miaka miwili hivi: 2007, 2009, 2011, na kuendelea hadi Debian 13 iliyotoka Agosti 2025. Mwaka 2009 jumuiya iliamua kwamba siku ya kufunga mlango, yaani siku ambayo programu mpya haziingizwi tena, iwe inapangwa mapema, huku siku ya kutoka ikiendelea kutegemea utayari. Kisha tangu 2014 kikaanzishwa kikundi kinachogharimiwa na wafadhili, kinachorefusha huduma ya kila toleo hadi kufikia miaka mitano hivi. Angalia mwelekeo wa safari hiyo. Jumuiya ya watu wa kujitolea ilikubali hatua kwa hatua kwamba uhuru wa mtengenezaji lazima ukutane na kalenda ya mtumiaji.

Ubuntu: kalenda kwanza

Msambazaji wa pili alianzia upande wa pili kabisa. Mwezi Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kampuni yake ya Canonical walitoa Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian. Jina lenyewe halihitaji mkalimani kwetu: ubuntu wa Wazulu na Waxhosa ni utu wetu. Toleo la kwanza liliitwa 4.10, maana yake mwaka wa nne, mwezi wa kumi. Tarehe ilikuwa ndiyo jina. Ahadi ilikuwa kwamba kila miezi sita, Aprili na Oktoba, litatoka toleo jipya. Mradi wa GNOME ulikuwa umekwisha kuonesha kwamba utaratibu huo unawezekana: kisichokuwa tayari hakiwacheleweshi wenzake, husubiri safari ijayo kama abiria aliyekosa basi.

Nakumbuka bahasha iliyonifikia kwa posta ikiwa na sidii za Ubuntu 6.06. Canonical ilikuwa ikizituma bure duniani kote, na iliendelea hivyo hadi 2011. Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, intaneti yetu ilipitia zaidi katika setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Kupakua megabaiti 700 kulikuwa kazi ya usiku kucha, na umeme ukikatika alfajiri unaanza upya. Kalenda ya miezi sita iliyoonekana nyepesi London ilikuwa mzigo Dar es Salaam. Wengi wetu tulihama pale sidii mpya ilipotufikia, na viraka tulivipata kwa bahati.

Lakini nina sababu nyingine ya kulikumbuka toleo lile. Hesabu za jina lake zinasema Juni, si Aprili. Ndilo toleo pekee la Ubuntu lililoivunja kalenda ya Aprili na Oktoba. Wenyewe waliamua kulichelewesha kwa wiki sita kwa sababu lilikuwa la kwanza kuahidiwa huduma ya muda mrefu: miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na mitano kwa seva. Waliona kwamba yule atakayekaa miaka mitano ndani ya nyumba anastahili kuta zilizokaguliwa mara mbili. Tangu hapo matoleo ya muda mrefu yametoka kila baada ya miaka miwili, na kuanzia 12.04 yote yana miaka mitano ya huduma ya kawaida. Kwa upande mwingine, mwaka 2013 matoleo ya miezi sita yalipunguziwa huduma kutoka miezi 18 hadi miezi tisa. Ujumbe ulikuwa wazi: anayetaka upya ahame mara kwa mara, anayetaka utulivu akae, lakini kila mmoja ajue muda wake.

Mwaka huo huo wa 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Niliwaonesha wanafunzi wangu kwa fahari. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba tafsiri nayo ina kalenda. Kila toleo jipya la programu huja na maneno mapya ya menyu, na anayetafsiri mara moja hajamaliza kazi, ameianza. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010 ilipozaliwa LibreOffice, na wafasiri wa lugha zote walilazimika kufuata njia mpya. Lugha yenye taasisi nyuma yake hufuata. Lugha inayotegemea mradi wenye mwisho wa ufadhili huona menyu zake zikirudi Kiingereza neno baada ya neno.

Ahadi inapovunjwa

Msambazaji wa tatu, Red Hat, ni kampuni ya biashara, nayo inatufundisha upande mgumu wa ahadi. Mwaka 2003 ilitangaza kwamba Red Hat Linux, iliyokuwa ikitumika na ofisi nyingi duniani bila malipo makubwa, imefika mwisho. Toleo la 9, lililokuwa limetoka Machi 2003, lilikoma kuhudumiwa Aprili 2004. Njia ikagawanyika mara mbili. Wanaotaka upya walielekezwa Fedora, inayotoka kila miezi sita hivi na kuhudumiwa kwa takriban mwaka mmoja. Wanaotaka utulivu walielekezwa kwenye toleo la mashirika, ambalo huduma yake leo hufikia miaka kumi, kwa ada.

Katika nafasi kati ya njia hizo mbili ikazaliwa CentOS mwaka 2004. Kwa kuwa msimbo wa toleo la mashirika ulikuwa wazi, wanajumuiya waliuchukua, wakaondoa alama za kampuni, wakautoa bure. Vyuo, maabara, na ofisi za serikali katika nchi nyingi zilijenga juu yake. Mwaka 2014 mradi huo uliingia chini ya Red Hat yenyewe, na mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat kwa takriban dola bilioni 34.

CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, na watumiaji walitarajia kuhudumiwa hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba huduma ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ikaondolewa kwa tangazo moja. Kibaya zaidi, CentOS 7, toleo la zamani, liliachiwa tarehe yake ileile ya 30 Juni 2024. Aliyefanya bidii akahama mapema alipoteza, na aliyekawia alipata miaka miwili na nusu zaidi. Katika historia yote ya kalenda hizi silijui tukio jingine lililowadhulumu watiifu kiasi hicho.

Kisheria hapakuwa na mkataba uliovunjwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelipa. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na mdai mwenye nguvu husamehewa kirahisi. Jumuiya ilijibu kwa kuunda Rocky Linux na AlmaLinux mwaka 2021, na hilo ndilo tunda la chanzo huria: msimbo ukiwa wazi, anayeachwa njiani anaweza kuanza safari yake. Hata hivyo, kuanza safari kunahitaji watu na fedha. Uhuru wa kunakili msimbo haufuti gharama ya kuutunza.

Hata wale walioko kwenye kiini chenyewe wamelazimika kupima upya ahadi zao. Mwaka 2017 matoleo ya muda mrefu ya kiini yaliongezewa huduma hadi miaka sita. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba utaratibu ungerudi miaka miwili, kwa hoja kwamba matoleo ya zamani hayakuwa yakitumiwa kiasi cha kustahili kazi iliyokuwa ikifanywa juu yake. Mshonaji alitazama nyuma, akaona hakuna anayevaa kanzu anayoishona.

Upya si usalama, na ukuukuu si usalama

Naomba sasa nigusie imani mbili ninazozikuta ofisini. Wapo wanaosema toleo jipya ndilo salama. Wapo wanaosema lililozoeleka ndilo salama. Historia imewakanusha wote wawili.

Tarehe 7 Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa hitilafu iliyoitwa Heartbleed, katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya siri kwenye intaneti. Hitilafu ilikuwa imeingia katika toleo la 1.0.1, la mwaka 2012. Waliokuwa bado kwenye Ubuntu 10.04 au Debian ya mwaka 2011 walikuwa na OpenSSL ya zamani zaidi, hawakuguswa. Waliohamia matoleo mapya ndio walioamka usiku. Mwezi Machi 2024 hali ilijirudia kwa sura ya kutisha zaidi. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aliona kuwa kuingia kwenye seva yake kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipofuatilia aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Mtu asiyejulikana alikuwa amejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili mbele ya mtunzaji aliyekuwa akiibeba programu hiyo karibu peke yake, kwa kujitolea. Mlango huo ulikuwa umefika katika matawi ya majaribio ya wasambazaji kadhaa. Haukufika katika Debian thabiti.

Mwenye kupenda ukawiaji asishangilie. Dawa ya Heartbleed ilitolewa siku ileile, na aliyepokea viraka kila siku alilindwa mapema, awe kwenye toleo jipya au la zamani lenye mshonaji. Asiye na mshonaji huenda hakuihitaji dawa ya Heartbleed, lakini alikosa dawa za hitilafu nyingine zilizotangazwa kabla na baada yake. Kilichowaokoa watu katika visa vyote viwili hakikuwa umri wa toleo. Kilikuwa kuwapo kwa watu wanaolitazama.

Kosa tuliloliandika katika muhtasari

Sasa nieleze niliyoahidi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Matokeo ya mitihani yalihifadhiwa katika seva iliyowekewa Ubuntu 14.04 na kijana hodari ambaye baadaye alikwenda masomoni nje ya nchi. Huduma ya kawaida ya toleo hilo ilikoma Aprili 2019. Mtumishi mmoja wa ngazi ya chini alitukumbusha kwa barua. Tulijadili kwa dakika chache, tukahitimisha kwamba kinachofanya kazi kisiguswe. Muhtasari ulisainiwa, na sahihi yangu imo.

Miaka miwili baadaye seva iliingiliwa. Ukurasa wa matokeo ulianza kuonesha matangazo ya kamari, na hatukuweza tena kuthibitisha ni alama zipi zilikuwa za kweli na zipi zilikuwa zimeguswa. Ndipo tulipoamua kuhama, tukagundua kwamba njia ya kuhama haiko wazi kama tulivyodhani. Kutoka toleo moja la muda mrefu huruhusiwi kuruka linalofuata. Ilitubidi tupitie 16.04, kisha 18.04, kisha 20.04. Hatua ya kwanza tu ilituangusha. Mfumo wa matokeo ulikuwa umeandikwa kwa PHP 5, na 16.04 ilikuja na PHP 7, ambamo amri za zamani za kuzungumza na hifadhidata zilikuwa zimeondolewa kabisa. Kila toleo tulilolikwepa lilikuwa likitungoja njiani.

Kazi ambayo ingefanyika kwa utulivu katika likizo moja ilichukua majuma mengi ya dharura, na alama zilihakikiwa upya kutoka kwenye karatasi. Wapo wahitimu waliokosa nafasi za kazi na za masomo kwa sababu hati zao hazikutoka kwa wakati. Mmoja alikuja ofisini kwangu, hakunilaumu, aliuliza tu ni lini. Sikuwa na tarehe ya kumpa. Yule mtumishi aliyeandika barua hakuwahi kuombwa radhi na kamati. Naomba radhi hapa, nikijua kwamba haitoshi.

Hatukukosa utaalamu, kwani barua ilikuwa mezani. Tulikosa mahali pa kuiweka. Hapakuwa na kifungu cha bajeti, hapakuwa na ofisi iliyopewa jukumu, hapakuwa na tarehe. Ni ugonjwa ule ule wa visima na barabara zetu: siku ya kukata utepe ina mgeni rasmi, siku ya kubadilisha bomba haina hata mhudhuriaji.

Jibu ninalompa sasa

Viraka vya usalama vipokelewe kila siku au kila wiki, kwa utaratibu wa kujiendesha wenyewe, bila kusubiri kikao. Hili halina mjadala.

Kuhama toleo kutegemee anayebeba hasara. Mwanafunzi mwenye kompyuta yake na nakala ya kazi zake mahali pengine anaweza kuhama kila miezi sita. Atavunja vitu, atajifunza kuvitengeneza, na hasara itakuwa yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuhama usiku wa kuamkia mhadhara, na asubuhi projekta ikakataa kunitambua. Niliandika ubaoni kwa chaki, na hakuna aliyedhurika. Ofisi inayotunza kumbukumbu za watu wengine haina haki ya ujasiri huo. Itumie toleo la muda mrefu, isihame siku lilipotoka, ingoje miezi michache mpaka masahihisho ya kwanza yakusanywe. Wala isingoje mwaka wa mwisho wa huduma. Kwa kalenda za leo hiyo ni kuhama kila baada ya miaka miwili hadi minne, na kwa vyovyote kabla ya miezi 12 ya mwisho.

Kila kuhama kutanguliwe na jaribio kwenye mashine ya pembeni, na nakala za akiba ambazo zimewahi kurejeshwa kwa vitendo. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuirejesha bado ni matumaini tu.

Na tarehe iandikwe. Siku ya kuweka mfumo ndiyo siku ya kuandika mwisho wake, katika mpango wa ununuzi, katika bajeti, na chini ya cheo cha ofisi badala ya jina la kijana hodari. Mwanaharakati anayedai uwazi wa serikali aongeze swali hili katika orodha yake: mfumo unaotunza taarifa zetu umeahidiwa huduma na nani, hadi lini? Ni swali la uwajibikaji kama lilivyo swali la mapato na matumizi.

Nilimpigia tena yule afisa wa halmashauri. Alikuwa amekwisha kuweka Debian 13. Tulisoma pamoja: huduma kamili hadi Agosti 2028, ya muda mrefu hadi Juni 2030. Toleo lijalo, mwenendo wa miaka ishirini ukiendelea, linatarajiwa kutoka mwaka 2027. Aliniambia ataandika jaribio katika bajeti ya mwaka wa fedha 2027/2028, na kuhama katika ule unaofuata. Kisha akauliza kama aweke jina lake. Nilimwambia aweke cheo, kwa sababu huenda mwaka huo yeye akawa amehamishwa.